Sikio la Bibi Kizee: Imani na Maswali ya Vijana wa Mkolani

Wasukuma wana hadithi ya zimwi liitwalo Shing'weng'we. Hapo kale zimwi hilo lilimeza watu wote wa dunia na mifugo yao. Akabaki mwanamke mmoja tu, mjamzito, aliyejificha kwenye lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, jina lake Masala Kulangwa. Mtoto alipopata akili akauliza: mama, baba yuko wapi? Na watu wengine wako wapi? Akaambiwa wamemezwa. Basi akaanza kuingia porini kumwinda adui ambaye hata sura yake haijui. Siku ya kwanza akarudi na panzi. Mama, ndiye huyu? Mama akasema hapana. Akarudi na ndege, kisha na mnyama, kisha na mnyama mkubwa zaidi. Swali lilikuwa lile lile, na jibu lile lile. Mpaka siku alipokutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima, baba yake akiwemo.

Ila wakati anapasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa humo ndani. Bibi akakasirika mno, akataka kumloga aliyemwokoa. Masimulizi mengine yanasema ilitafutwa dawa, bibi akapona, na Masala Kulangwa akafanywa mtemi.

Hadithi hii inasimuliwa kwa namna nyingi, na kama kwenu panzi alikuwa senene, mimi sitabishana na wewe. Ninachotaka tukiangalie ni matumizi yake. Mapadre wawili wa Maryknoll, Joseph Healey na Donald Sybertz, waliokaa Tanzania miaka mingi wakikusanya methali na hadithi za huku, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1996 jinsi Wakristo wa Usukumani wanavyomwona Kristo ndani ya Masala Kulangwa: mwana wa mama anayewatoa watu kwenye tumbo la mauti. Ni tafsiri nzuri, na inaeleweka kirahisi. Lakini unapoisimulia hadithi hii kwa watoto wa kidato cha pili na cha tatu, hawang'ang'anii kwenye ushindi. Wanang'ang'ania kwenye sikio.

Nasema hivyo kwa sababu nimeyaona. Tangu mwaka jana huwa tunakutana na vijana wachache wa Mkolani, wa miaka 14 hadi 18, Jumapili alasiri. Tulichagua Jumapili kwa sababu wawili kati yao ni Wasabato na Jumamosi hawapatikani. Wengine ni Wakatoliki, kuna wa AIC, kuna wanaosali kwenye makanisa ya kiroho yanayoanzia kwenye turubai, na kuna Waislamu watatu. Hatufanyi ibada. Tunasoma hadithi moja, au ninaisimulia, halafu tunauliza maswali. Sharti ni moja: ukisema jambo, uwe tayari kusema kwa nini unaliamini.

Siku ya Masala Kulangwa, kijana wa kwanza alisema bibi yule hakuwa na shukrani. Katolewa kwenye tumbo la zimwi halafu analalamikia sikio! Binti mmoja akamkatalia: hata aliyekuokoa akikuumiza, maumivu ni yako, na anadaiwa. Wakabishana vizuri tu. Kisha mwingine akasema, kwa utani kabisa, "Huyo bibi si alikuwa mchawi? Angekuwa huku kwetu angeshauawa."

Hakuna aliyecheka. Msomaji wa Kanda ya Ziwa anaelewa kwa nini. Mwanza, Shinyanga, Geita na Simiyu ni mikoa ambako akina mama wazee wameuawa kwa mapanga, wakituhumiwa uchawi, na wakati mwingine ushahidi pekee ulikuwa macho yao mekundu. Macho ambayo yamekuwa mekundu kwa miaka ya kupikia kuni na samadi ndani ya jiko lisilo na dirisha. Ni mikoa hii hii ambako ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, kwa sababu mtu fulani aliamini kuwa kiungo cha mwenzake kinaleta utajiri. Huwezi kuzungumzia imani huku kwetu kana kwamba ni suala la moyoni tu. Kuna watu wamekufa kwa sababu ya kile ambacho jirani yao alikiamini.

Basi nikauliza: nani alikuambia bibi wa kwenye hadithi ni mchawi? Akajibu, hadithi. Nikauliza: na hawa wa kwetu, nani aliyesema? Walinyamaza kidogo. Mmoja akasema, mganga. Mwingine akasema, watu. Wa tatu, mpole ambaye huwa haongei sana, akasema bibi yake mzaa baba aliletwa mjini usiku kutoka kijijini kwa sababu "maneno yalikuwa yameanza". Alikuwa na miaka tisa wakati huo. Kwa miaka yote hiyo, alisema, hakuwahi kujiuliza kama yeye mwenyewe anaamini bibi yake ni mchawi au haamini. Alikuwa anakula chakula chake huku akiogopa.

Hapo ndipo nilipoona kujihoji ni nini. Watu wengi wakisikia "falsafa" pamoja na "imani" wanafikiri mjadala utakuwa kama Mungu yupo au hayupo. Vijana hawakuanzia huko. Walianzia kwenye swali dogo na gumu zaidi: haya ninayoyaamini niliyapata kwa nani, na yananifanya nimtendee nini mtu aliye mbele yangu? Kijana yule hakupoteza imani yake kwa Mungu alasiri ile. Aligundua kuwa ndani yake zimekaa imani mbili, moja ya Jumapili asubuhi na nyingine ya kwenye sahani ya bibi, na kwamba hazijawahi kukutanishwa.

Swali la kama tuna haki ya kuwauliza watoto maswali ya namna hii ni la zamani. Mwaka 399 kabla ya Kristo, huko Athens, Sokrate alishtakiwa akiwa mzee wa miaka sabini. Mashtaka, ukiyafupisha, yalikuwa mawili: kutoiheshimu miungu ya mji, na kuwapotosha vijana. Akahukumiwa kifo. Huku kwetu, Shaaban Robert katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, alimweka kizimbani kijana aitwaye Karama kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mafunzo, nchi yao ikawafunga. Wazee wa Athens na waziri Majivuno wa Kusadikika wana hofu moja: kijana akizoea kuuliza jambo moja, atauliza na la pili.

Ni rahisi kuwacheka. Mimi nadhani hofu yao inastahili kusikilizwa, kwa sababu nimeisikia kwa mtu ambaye si Majivuno hata kidogo. Mama wa mmoja wa mabinti zetu alinifuata siku moja. Anauza dagaa na samaki wabichi, amelea watoto wanne peke yake, na kanisa ndilo lililomshika mkono alipofiwa na mume. Hakuja kwa shari. Alisema, "Kaka, mimi huyu mtoto nimemkabidhi kwa Mungu. Wewe unamtia maswali, sawa, wewe umesoma. Lakini swali likimjia saa nane usiku, wewe utakuwa wapi?"

Nimewahi kusoma hoja nyingi dhidi ya falsafa kwa watoto. Sijakutana na nzito kuliko hiyo. Yeye hasemi maswali ni dhambi. Anasema imani ya binti yake ni nyumba anayoishi kweli, ndiyo iliyowahifadhi walipokuwa hawana kitu, na mtu anayegonga gonga kuta kujua kama ni imara anapaswa awe tayari kulala humo mvua ikinyesha.

Kuna jibu la haraka, ambalo wengi wetu tuliosoma tunalipenda: kwamba maswali yapo tayari, hatuyaleti sisi. Ni kweli. Kijana wa Mkolani ana simu, au ana rafiki mwenye simu. Darasani anafundishwa baiolojia, nyumbani anaombewa kwa mafuta ya upako, mtaani anasikia adhana na spika za mkesha kwa wakati mmoja, na kwenye simu kuna mtu wa Marekani anayemwambia dini zote ni uongo na mwingine anayemwambia dunia inaisha mwezi ujao. Maswali anayo. Asichonacho ni mtu wa kukaa naye wakati anayauliza. Hata shule haimsaidii sana hapo, kwa sababu sekondari anafundishwa kwa Kiingereza, na swali linalouma mtu haulizi kwa lugha anayoogopa kukosea. Nimewaona wanaoitwa "wazito" darasani wakitoa hoja kali kwa Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake mpaka unashangaa.

Lakini jibu hilo halimmalizi yule mama. Kusema maswali yapo tayari kunamwambia kwa nini mazungumzo yanahitajika. Hakumwambii nani atakuwa macho saa nane usiku.

Hapa ndipo hadithi zinapofanya kazi ambayo hoja tupu haziwezi. Mwishoni mwa miaka ya sitini Mmarekani Matthew Lipman, mwalimu wa falsafa, aliona wanafunzi wake wa chuo kikuu wanakuja wakiwa hawajui kufikiri kwa mpangilio, akaamua kuanza mapema zaidi. Hakuwaandikia watoto kitabu cha mantiki. Aliandika riwaya ambayo wahusika wake ni watoto wanaojiuliza maswali, na mwaka 1974 akaanzisha taasisi ya kazi hiyo kwenye chuo cha Montclair, New Jersey. Bibi zetu walilijua jambo hilo bila taasisi. Hadithi inampa kijana mahali pa kusimama ambapo si kizimbani. Ukimuuliza, "Wewe unaamini uchawi?" utapata jibu la mtihani. Ukimuuliza, "Bibi alikuwa na haki ya kukasirika?" atakuambia mambo yake mwenyewe, na akiona amefika mbali anaweza kurudi nyuma akasema tunazungumzia hadithi tu. Mlango huo wa kurudi nyuma ni muhimu. Unamfanya yeye mwenyewe aamue afike wapi.

Tena hadithi ina wenyeji humo ndani. Kijana mwenye shaka hudhani yuko peke yake duniani, na wakati mwingine hilo linamtesa kuliko shaka lenyewe. Ukipanda daladala kutoka Mkolani hadi Nyegezi, kisha ukaelekea Malimbe, unafika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, nilikosomea uandishi wa habari. Jina la Augustino tunaliona kwenye vibao vya barabarani kila siku. Wachache kati ya vijana wangu walikuwa wanajua kwamba mtakatifu huyo, Mwafrika wa Kaskazini, aliandika kitabu kizima cha kujihoji mbele ya Mungu wake, na kwamba humo anasimulia wizi alioufanya akiwa na miaka 16. Yeye na wenzake walikwenda usiku wakaiba mapeasi kwenye mti wa jirani. Hawakuwa na njaa. Mengi waliyatupia nguruwe. Akiwa tayari askofu, mtu mzima wa zaidi ya miaka arobaini, bado anajiuliza: kwa nini nilifanya vile? Na jambo moja ana uhakika nalo, kwamba peke yake asingefanya.

Mapeasi huku hakuna, nikasema maembe. Walielewa mara moja, tena walielewa zaidi ya maembe. Mmoja alizungumzia kundi la WhatsApp la darasa lao, ambako picha ya msichana fulani ilizungushwa mpaka akahama shule. "Mimi sikuipiga. Niliituma tu kwa watu wawili." Halafu akajijibu mwenyewe: "Ningekuwa peke yangu nisingetuma." Sikuongeza neno. Mahubiri ya saa nzima kuhusu matumizi mabaya ya mitandao yasingemfikisha hapo. Alifikishwa na Augustino, na na mwembe wa jirani.

Waislamu wetu watatu walikuwa na mzigo wao. Mmoja alishasikia mahali kwamba ukiingiwa na shaka tu, umetoka kwenye dini. Nikawasimulia kisa cha Imamu Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Baghdad. Mwaka 1095, akiwa kwenye kilele cha heshima yake, alijikagua akaona anafundisha kwa ajili ya sifa. Ulimi ukagoma darasani, chakula kikamshinda, akaacha kazi, akaondoka mjini. Baadaye aliandika mwenyewe safari yake, pamoja na kipindi cha ujana alipotilia shaka hata macho na masikio yake kama yanamwambia ukweli. Uislamu haukumtupa. Mpaka leo anaitwa Hoja ya Uislamu. Ndipo binti mmoja mwenye hijabu akaleta jambo ambalo mimi sikuliwaza. Alisema Masala Kulangwa na panzi wake wanamkumbusha Nabii Ibrahim katika Kurani: aliona nyota, ikazama, akaona mwezi, ukazama, akaona jua, nalo likazama, na kila mara akakataa kuabudu kinachozama. Wanazuoni wamejadiliana kama Ibrahim alikuwa anatafuta kweli au alikuwa anawaonyesha watu wake upotofu wao, na binti huyo alilijua hilo vilevile. Akasema, kwa vyovyote vile, mtu hafiki kwa Mungu mpaka aweze kusema "siye huyu".

Kuweza kusema "siye huyu" ni nusu ya imani, na nadhani ndiyo nusu tunayoinyima vijana wetu. Tunawafundisha kusema ndiyo. Ndiyo kwa mchungaji, ndiyo kwa shehe, ndiyo kwa mwalimu. Kisha anakuja mpiga ramli chonganishi, au nabii wa kuuza maji, naye anakuta ndiyo imeshaandaliwa, anaichukua bure. Panzi akiletwa, ni lazima awepo mtu wa kusema hapana, na mama wa Masala alisema hapana bila kumkataza mtoto kurudi porini.

Najua pia hadithi zinaweza kutumika vibaya. Ushuhuda wa mkutano wa injili ni hadithi, na tangazo la mganga kwenye nguzo ya umeme ni hadithi. Kipimo changu ni hiki: je, msikilizaji anaruhusiwa kuuliza kuhusu sikio? Kama msimulizi anakasirika unapotaja sehemu isiyomfaa, anataka utii wako, na hadithi ameitumia kama chambo.

Na tunaponyamazisha, tusidhani tunalinda. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe mwaka 1944, alisoma seminari ya hapa hapa Nyegezi kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1971 akatoa Rosa Mistika, riwaya yenye jina litokanalo na sifa za Bikira Maria kwenye litania. Rosa ni binti aliyelelewa kwa fimbo. Baba yake, Zakaria, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, na hakuna mtu mzima anayekaa naye kuzungumza kuhusu mwili wake, hofu yake wala dhamiri yake. Anakwenda bweni akiwa hajui lolote, na mwisho wake ni kujiua. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, kwa hofu ya kuwaharibu vijana. Fikiria hilo kidogo. Riwaya inayolia kwamba ukimya unaua binti zetu ilijibiwa kwa ukimya. Rosa naye alikuwa na saa nane zake za usiku, na hakuna aliyemuuliza swali lolote kabla.

Kwa hiyo yule mama nimemjibu nini? Nilimwambia ana haki, na kwamba ninaona wajibu tatu zinatokana na neno lake. Kwanza, nisiulize swali ambalo sina nia ya kukaa nalo pamoja na mtoto. Anayekuja Mkolani kwa semina ya siku moja, akatikisa vijana, akaondoka na posho yake, bora asije. Pili, swali lianze kwangu mimi mtu mzima. Vijana wananiuliza kama nasali na nasali vipi, na ninawajibu bila kuzunguka. Tatu, mzazi awe na mlango. Anaweza kuja kukaa, kusikiliza, hata kukataa. Mtoto si wangu.

Alisikiliza. Hakusema amekubali. Binti hakuonekana kwa Jumapili tatu, ya nne akaja, akasema mama amemruhusu "kwa sasa". Nilifurahi, ila sikuchukulia kuwa nimeshinda hoja. Neno "kwa sasa" ni la haki kabisa. Kinachonipa moyo ni jambo alilolisema binti mwenyewe: kwamba wiki zile tatu alikuwa anamuuliza mama yake maswali usiku, wakiwa wanapanga dagaa, na mama alikuwa akimjibu. Mengine alimwambia, "Hilo hata mimi sijui, mwanangu."

Nadhani hilo ndilo jibu la swali la saa nane usiku, na halikutoka kwangu. Saa hiyo mimi siwezi kuwepo, wala Augustino, wala Ghazali. Aliyepo ni mzazi, bibi, dada, mtu wa nyumba ile. Kazi ya hadithi na falsafa za alasiri ni kuwafanya wale wa nyumba moja waweze kuongea taa ikiwa imezimwa, kila mmoja akijua kwamba kuuliza si kuondoka.